Eti "mvinyo ukikaa unazidi kuwa mtamu"! Hivi mnanionaje?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na sijatia kitu tumboni tangu asubuhi. Nimetoka sasa hivi kwa yule muagizaji wetu wa vinywaji. Simtaji, na hakuna haja. Kila mwenye grosari au anayehudumia shughuli hapa Dar anamjua: magari meupe, stika ya kishada cha zabibu mlangoni, na simu isiyopokelewa hela ikishaingia.

Nina sendofu Jumamosi hii, tarehe 20 Januari 2024. Leo Alhamisi. Natakiwa kupeleka katoni 40 za waini ya Afrika Kusini, chupa 6 kila katoni, nyekundu tamu na ile ya pinki, maana bibi harusi kashona pinki, meza pinki, hadi mama yake kapaka kucha pinki. Oda niliweka tarehe 6 Novemba, nikalipa nusu siku ile ile. Nikaambiwa wiki 4. Hii ni wiki ya 11! Mtu angebeba katoni kichwani akatembea kwa miguu kutoka Cape Town, saa hizi yuko Mbeya anakunywa chai.

Sasa sikilizeni. Nafika kaunta, niko na mama wa bibi harusi kwa sababu ameshaacha kuniamini. Kijana wa kaunta anamenya karanga. Nampa risiti yangu, anaiweka chini ya karanga zake, maganda yanadondokea juu ya sahihi yangu. Namuuliza mzigo uko wapi. Hata uso hainui. Anasema:

"Mama, mvinyo si ndiyo ukikaa unazidi kuwa mtamu? Vumilieni kidogo."

UKIKAA UNAZIDI KUWA MTAMU. Mbele ya mteja wangu. Huku anapuliza maganda.

Mimi si mtu wa kugomba ovyo. Mwanzoni mwa Desemba waliniambia bandari ya Durban imeziba. Nikakubali, ilikuwa kwenye habari dunia nzima, makontena zaidi ya elfu 60 yalikwama baharini mwezi Novemba. Krismasi nikaambiwa Cape Town kuna upepo, kreni zimesimamishwa. Nako najua, kiangazi chao upepo ule huvuma kweli. Lakini ngoja kwanza! Mzigo wangu ulikuwa Durban, umerudije Cape Town? Unapiga rivasi baharini? Mwaka mpya ulipoingia nikaambiwa ni vurugu za Bahari Nyekundu. Nikafungua ramani kwenye simu ya mwanangu. Cape Town iko kule mwisho wa Afrika kabisa, sisi tuko hapa katikati, Bahari Nyekundu iko juu kule Yemen. Meli inatupita Dar, inakwenda Yemen kusalimia nani?

Na hiyo hadithi ya kukaa ikawa tamu, anayeijua waini hawezi kuitamka. Zipo zinazotunzwa miaka, chupa imelazwa, chumba cha baridi, giza. Hizi za shughuli zimetengenezwa zinywewe mapema, na ile ya pinki ndiyo haitaki kabisa kuzeeka. Halafu kukaa kwenyewe ni kukaa wapi? Ndani ya bati la kontena, jua la Januari la Dar!

Nimeona kwa macho yangu. Alipoona nimepandisha sauti akaleta chupa ya kontena lililotangulia, eti tuonje tupoe. Kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa kama kidole gumba, karatasi ya shingoni imepasuka, mchirizi unaonata umeshuka hadi kwenye lebo na umeshika vumbi. Joto limeitanua waini ikasukuma kizibo. Na ile pinki haikuwa pinki tena, ilikuwa chai ya rangi. Mama wa bibi harusi akaishika, akanusa, akaniangalia MIMI. Hakumwangalia yule mla karanga.

Kisha yule kijana akarudia. Wallahi akarudia. "Lakini si inazidi utamu, mama?"

Mwenye katoni 40 za pinki nzima ndani ya Dar aje inboksi sasa hivi. Na mwingine aliyewahi kujibiwa hivi ajitokeze.

Mzee wa Kona Baa:
Uzi bila picha ya karanga ni batili.

Binti Kimara:
Pole mama. Mimi walinifanyia hivyo kwenye kitchen pati ya mdogo wangu. Siku ya shughuli gari likafika saa 5 usiku, wageni wamebaki watatu na DJ. Dereva anataka nisaini nimepokea mzigo mzima.

Mtu wa Kurasini:
Nafanya kazi za kugomboa mizigo, nikueleze bila ushabiki. Ni kweli meli ya Cape Town kuja Dar haipiti Bahari Nyekundu. Ila tangu Wahouthi, wale waasi wa Yemen, waanze kushambulia meli Novemba, nyingi za Asia kwenda Ulaya zimeacha Mfereji wa Suez, zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Safari inaongezeka kama siku 10 hadi 14. Makontena matupu yanachelewa kurudi, ratiba zinavurugika, na meli iliyochelewa inaweza kuiruka bandari ili ifidie siku. Kwa hiyo vurugu ya kule inakufikia hata kama meli yako haipiti kule. Halafu mzigo ukishuka bado kuna ushuru na zile stempu za kodi za kielektroniki, zipo tangu 2019. Usikubali kupewa chupa bila stempu kwa sababu una haraka, utakuja kulala ndani.

Mleta uzi:
Mtu wa Kurasini nashukuru, umenieleza kwa dakika mbili kitu ambacho wale wameshindwa wiki 11. Angeniambia hivi ningenyamaza, ningetafuta pengine mapema. Hakuniambia hivi. Aliniambia UKIKAA UNAZIDI KUWA MTAMU, na ganda la karanga likanirukia kwenye kitenge.

Chalii ya R:
Chupa 240 sendofu moja? Mama, hao wageni wanaaga binti au wanaaga dunia?

Mzee wa Kona Baa:
Weka bia na soda, watu washerehekee. Waini watu wanapigia picha tu, wanaacha nusu glasi mezani.

Mleta uzi:
Wageni 300, chupa mbili kila meza, nyingine za meza kuu na za kamati. Kamati peke yake wanamaliza katoni 5, nawajua. Mchezo huu nausoma mwaka wa 9, msinifundishe kazi.

Fundi Simu Kariakoo:
Gari langu kutoka Japani limechelewa, nao wananiambia Bahari Nyekundu. Japani! Hii bahari sasa imekuwa kama mgonjwa wa kuombea ruhusa kazini.

Binti Kimara:
Fundi cherehani wangu wa Mbagala juzi kanijibu gauni limechelewa kwa sababu ya vita vya baharini. Kitambaa nilimpelekea mwenyewe kwa daladala.

Chalii ya R:
Binti Kimara umeniua 😂😂😂

Mtoto wa Hombolo:
Nyie watu mnanitia hasira kuliko huyo mla karanga. Mnasubiri waini ya Afrika Kusini wiki 11, sisi Dodoma zabibu zinatuozea shambani. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Machi na tena Agosti kwenda Septemba. Zabibu ikishaiva haisubiri mtu, ikikaa wiki ni siki. Mnunuzi anakuja anakutajia bei ya kukutukana, na wewe huna tangi wala chumba cha baridi, unaachia tu. Lori likitoka Dodoma jioni, asubuhi liko Dar. Hakuna Durban wala Yemen njiani, kuna Morogoro tu. Baba yangu ana ekari 2 na mkopo wa nguzo na waya za mizabibu. Mama, nunua huku.

Mzee wa Kona Baa:
Ya Dodoma inauma kichwa.

Mtoto wa Hombolo:
Unaumwa kichwa kwa sababu unakunywa ya kupimwa kwenye chupa ya maji barabarani. Hiyo si kosa la zabibu. Njoo uonje waini kavu, isiyo tamu, ya Makutupora huku Dodoma iliyotengenezwa vizuri halafu urudi hapa.

Mleta uzi:
Mtoto wa Hombolo, pinki ipo? Tamu? Katoni 40, ifike kesho usiku? Nipe namba inboksi. Nitalipa nusu, na nusu nikiiona kwa macho. Mtu akiniambia tena inazidi kuwa tamu sijui nitafanya nini.

Mtoto wa Hombolo:
Nyekundu tamu ipo, nyeupe ipo. Pinki naulizia kwa jirani, nipe saa moja.

Dereva wa Copper Belt:
Mnalia na bandari. Mimi naandika hapa niko kwenye foleni ya mpakani Tunduma, siku ya 4, naenda Lubumbashi, Kongo. Napika ugali chini ya trela, mvua inanyesha, jirani yangu kabeba vinywaji na yeye anaambiwa avumilie. Sisi nani atatufungulia uzi?

Fundi Simu Kariakoo:
Fungua wako kaka, tutakuja. Ila usiombe hela ya ugali.

Binti Kimara:
Wakuu, kwani nyie mnawezaje na mafundi cherehani? Huyu wangu harusi ni wiki ijayo, leo kanitumia picha ya mkono mmoja.

Chalii ya R:
Mkono mmoja wa gauni au wake?

Binti Kimara:
Wa gauni! Na si wa rangi niliyompa.

Mleta uzi:
Jamani turudi kwenye mada. Mama wa bibi harusi kanipigia sasa hivi, anauliza kama atafute mtu mwingine. Nimemwambia nusu saa. Na yule kijana kaniandikia ujumbe, someni wenyewe: "Mama usikasirike, karanga zilikuwa za bosi." Mtu wa Kurasini, nisaidie, risiti yangu ina tarehe ya kufika mzigo kwa maandishi, naidai vipi hela yangu? Mtoto wa Hombolo, saa moja imepita.

Dereva wa Copper Belt:
Foleni imesogea! Lori tatu!

Mzee wa Kona Baa:
Hongera dereva.

Chalii ya R:
Binti Kimara, huyo fundi wa Mbagala ni yule mwenye kibanda cha bluu karibu na msikiti? Ana suti yangu tangu Idi.