Darubini ya kwanza Lamu: lenzi ya mm 70, kioo cha mm 150, au ya macho mawili?

Kilimia_Amu
Assalamu alaikum. Mjomba wangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi, amekubali kuniletea darubini, lakini anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nimebakiwa na tatu: ya lenzi ya mm 70 yenye miguu mitatu; ya kioo cha mm 150 inayokaa juu ya kiti cha mbao, ile iitwayo Dobsonian; na ya macho mawili, 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele ni mm 50. Kaskazi imeshika, mbingu ni safi, na nina hamu ya tangu utotoni kuziona pete za sayari ya Zohali. Nichukue ipi?

FundiLenzi
Waalaikum salaam. Umetaja vyombo, ya muhimu umeyaacha. Una kiasi gani? Utatazamia wapi: barazani, darini au ufuoni? Ngazi za nyumba yenu zikoje? Mjomba anasafiri na mzigo wa kilo ngapi? Bila hayo kila mtu hapa atapigia debe ya kwake.

MwanaSabaki
Ya kioo, sina neno jingine. Kioo cha 150 kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya 70. Itafute Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, ikipanda upande wa kusini. Kwa macho matupu ni nyota moja yenye ukungu. Kwenye 150 unaona nyota tele zimesongamana, na mwanga wake umesafiri miaka 17,000 hivi kukufikia. Watu wa Uingereza hawaioni kabisa, haichomozi kwao. Sisi tumejaliwa, halafu tununue kijilenzi?

Nahodha_Shela
Mwanangu, chukua ya macho mawili. Bahari tumeivuka kwa nyota, na anga hujulikana kwa kutazamwa kwa upana kwanza. Kwa 10x50 utaona Kilimia, kile kishada cha nyota, kizima kwa mara moja. Kwenye darubini kubwa utaona kipande tu. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hawakuwa na lenzi yoyote. Hata miezi minne ya sayari ya Mushtara utaiona ukiegemeza viwiko ukutani. Galileo aliiona mwaka 1610 kwa lenzi ndogo kuliko hizo.

FundiLenzi
Shikamoo nahodha. Ya Mushtara ni kweli. Lakini kijana ameomba pete, na pete zinataka ukuzaji wa mara 25 au 30 hivi. Kwa mara 10 ataona nyota iliyorefuka kidogo, basi.

Bint_Malindi
Kabla hujanunua yoyote yenye miguu mitatu myembamba, nisikilize. Kaka yangu aliletewa moja kutoka duka ambalo sitalitaja. Boksi lina picha ya Zohali yenye rangi zote, na maandishi makubwa: mara 675. Lenzi ya mbele ilikuwa mm 60! Chombo cha namna hiyo mwisho wake ni kama mara 120. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Miguu ilikuwa laini, ukigusa kirekebishi picha inatikisika mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Na ulikuwa wakati wa kusi, upepo haukutuachia hata dakika. Tulichoweza kutazama ni mwezi tu.

Hayo tungevumilia. Ndani ya boksi kulikuwa na kioo kidogo cheusi cha kutazamia jua, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Hapo ndipo joto lote la jua hukusanyika. Kikapasuka mchana, mdogo wetu akiwa ndiyo kwanza ameondoa jicho. Nikikumbuka natetemeka. Muuzaji akasema bidhaa ikitoka dukani hairudi. Ukikuta kioo hicho kwenye boksi lolote, kivunje na ukitupe.

Kilimia_Amu
Alhamdulillahi hakuumia. Samahanini kwa kuchelewa. Niko Langoni, ghorofa ya tatu, natazamia darini. Ngazi ni nyembamba zenye kona. Mzigo wa mjomba sijamuuliza. Kuna mtu ameniambia nitafute yenye stendi ya ikweta kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Ni kweli?

Mwalimu_Fizikia
Hapana, ni kinyume chake. Mhimili wa stendi hiyo lazima uelekee kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Lamu iko nyuzi 2 na ushei kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi 2 tu juu ya upeo, na nyota ya Kaskazini haionekani kwako. Mhimili utalala karibu mlalo, na stendi nyingi hazilali kiasi hicho. Kiti cha Dobsonian hakina habari na ncha: unasukuma juu, chini, kando.

MwanaSabaki
Nilisema.

FundiLenzi
Bomba la 150 kwa kawaida lina urefu wa mita 1.2. Mpimie mjomba sanduku kwanza, na upime kona ya ngazi. Halafu kuna chumvi. Kioo kimepakwa alumini, na hewa ya bahari inaila. Kifunike kikiwa kikavu, weka vifuko vya kunyonya unyevu, usikifute kwa leso. Mm 70 nzuri, yenye miguu imara, haina shida hiyo sana.

Bint_Malindi
Imara ndiyo neno.

Nahodha_Shela
Na kule Ngomeni, karibu na Malindi, roketi wanarusha bado?

Mwalimu_Fizikia
Siku hizi kituo kinapokea mawasiliano ya setilaiti. Lakini kumbukeni tarehe 12 Desemba 1970: kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vya kimojawapo, Cygnus X-1, vilisaidia kuonyesha kwamba huenda kule kuna shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wanafunzi wangu wa pwani hii wengi hawajawahi kuisikia, na inaniuma.

MwanaSabaki
Marehemu babu alikuwa akituhadithia moshi wa roketi. Sikujua ilikuwa na uzito huo.

Kilimia_Amu
Mjomba amejibu: sanduku lake halifiki mita. Kwa hiyo ni 70 au ya macho mawili, labda nyingine ije baadaye kwa meli. Na kupatwa kwa jua kwa tarehe 2 Agosti 2027, zitafaa?

Mwalimu_Fizikia
Jua litafunikwa lote Luxor, Jidda na Makka. Kwetu ni sehemu tu. Chombo chochote kinafaa kikivishwa kichujio cha jua MBELE ya lenzi, na ya macho mawili inataka viwili.

Nahodha_Shela
Basi mwagize vichujio pamoja na 10x50.

Bint_Malindi
Kwanza mwulize muuzaji miguu ya hiyo 70 ni ya chuma au ya alumini nyembamba. Akutumie picha.