Koilova kwa Legacy ya familia, Nakuru hadi Vihiga: nifunge au niachane nazo?

MwanaLanet:

Wadau, habari zenu. Nina Subaru Legacy wagoni ya 2006, BP5, lita 2.0 isiyo na tabo. Naishi Lanet, na karibu kila wiki ya pili tunaenda nyumbani Mbale, Vihiga. Tunakuwa mimi, mama watoto, watoto watatu kiti cha nyuma, na buti limejaa. Tunapita Salgaa, Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero, Kisumu, halafu tunapanda Kiboswa na Majengo. Kilomita mbili za mwisho ni murram.

Shida yangu ni hii. Nikiteremka Sachang'wan nyuma inaelea kama mtumbwi, na trela likinipita gari linayumba hadi nashika usukani kwa mikono miwili. Kwenye matuta nyuma inakaa chini na kugonga. Safari ya kurudi, tukiwa na ndizi na mahindi, ni mateso. Shoki za mbele zimeanza kutoa mafuta. Za nyuma sijui zilifungwa lini.

Rafiki yangu ananiambia nifunge koilova, zile shoki zinazokuja na springi zake na nyuzi za kurekebisha urefu wa gari, nimalize. Nimepata seti mbili. Moja ni mtumba kutoka Japani, springi za kilo 10 mbele na 8 nyuma (yaani kilo za kuibana milimita moja), bei nzuri sana. Nyingine ni mpya, BC Racing ya Taiwan, inapita kidogo bajeti yangu ya laki moja. Sitaki gari lilale chini, nataka litulie likiwa na watoto wangu ndani. Naombeni ushauri wa mtu aliyefanya, si wa kusikia.

---

Wingu_la_Menengai:

Ndugu, kabla hujatoa hata shilingi, lipeleke gari juu ya shimo la gereji uangalie bushi za nyuma (zile mpira za kwenye maungio), linki na boljointi. Nyuma ya BP5 ina mikono mingi, na kila mkono una bushi zake. Bushi zikifa nyuma inapinda yenyewe, na utasema ni shoki.

Mimi ningekuwa wewe ningefunga shoki za kawaida za KYB mpya nne, springi za kampuni mpya, maunti mpya za juu, basi. Nilifanya hivyo kwenye Forester na niko na amani hadi leo. Koilova ni za watu wanaopenda kushika spana. Ukifunga bila kujua unachofanya utatamani shoki zako za zamani, hata zikivuja.

---

FundiKibuye:

Wingu amesema kweli kuhusu bushi. Kuhusu koilova nina neno zaidi, kwa sababu watu wengi huku Kisumu wananiletea gari baada ya kuharibu.

Hiyo seti ya mtumba ya kilo 10 iache. Nitakuonyesha kwa hesabu. Kona moja ya mbele ya Legacy inabeba karibu kilo 400. Toa uzito wa tairi, rimu na breki, springi inabeba kama 360. Springi ya kilo 10 kwa milimita itabanwa milimita 36 gari likiwa limesimama. Maana yake, tairi likikuta shimo lina milimita 36 tu za kushuka, baada ya hapo linaning'inia hewani. Springi ya kilo 6 inabanwa milimita 60, kwa hiyo tairi linashuka 60 likiwa bado limekanyaga lami. Barabara ya kutoka Ahero kuja Kisumu inataka tairi linaloshuka. Angalieni magari ya Safari Rally kule Naivasha: yameinuliwa, na shoki zake zina mwendo mrefu. Hakuna anayeshinda pale kwa kulaza gari.

Kingine ni hali ya seti yenyewe. Shoki ya mtumba hujui ndani ikoje. Ikiwa ni ya mtungi mmoja, ndani kuna gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa nyuma ya pistoni inayoelea. Sili ikichoka, gesi na mafuta vinatoka na unabaki na bomba. Muulize muuzaji ni nani ataifungua na kuijaza. Akikosa jibu, basi unanunua springi tu na rangi.

Ukiamua kununua mpya, hakikisha urefu wa mtungi unarekebishwa kwa chini, kwenye ile kikombe inayofungwa kwa kitovu cha tairi. Kuna koilova ambazo urefu wa gari unabadilika kwa kusogeza kola ya springi (pete inayoikalia springi) peke yake. Hizo ukishusha gari unakula mwendo wa shoki, na ukipandisha unakula nafasi ya tairi kushuka. Zile zenye mtungi wa kuzungusha unashusha au kupandisha bila kugusa springi.

Na waambie wakuwekee springi laini. BC wanakubali uchague kilo wakati wa kuagiza.

---

MwanaLanet:

Asante sana fundi. Nichague kilo ngapi nyuma? Mbele nimeelewa 6. Nyuma ndiko kunakobeba watoto na ndizi.

---

FundiKibuye:

Mbele shoki imesimama karibu sawa na tairi, kwa hiyo kilo 6 ni karibu kilo 6. Nyuma shoki imefungwa ndani kidogo kwenye mkono. Tuseme tairi likipanda milimita 10 shoki inasogea 8. Unazidisha 0.8 kwa 0.8 unapata 0.64, kwa sababu springi inabanwa kidogo, halafu nguvu yake nayo inapungua ikifika kwenye tairi. Springi ya kilo 6 pale inafanya kazi ya kilo 3.8 hivi. Ukiongeza kilo 240 za watu na mizigo nyuma, ni 120 kila upande, gari litashuka kama sentimita 3. Hiyo inavumilika. Ukiweka springi ya kilo 4 litashuka karibu 5, na utarudi kulia hapa.

Weka 6 mbele, 6 nyuma. Na usidanganywe na zile kliki za juu, kile kitufe cha kuzungusha cha kulainisha au kugumisha shoki. Kliki hazibebi mzigo, springi ndiyo inabeba. Kliki zinapunguza kasi ya shoki kwenda na kurudi, hazifanyi zaidi ya hapo.

---

DadaKisumu:

Naongeza la matope kwa sababu hakuna aliyelitaja. Nina Impreza yenye koilova, naishi Mamboleo, kazi yangu inanipeleka Nyando na Ahero mara tatu kwa wiki. Udongo mweusi wa Kano ukikaukia kwenye nyuzi za mtungi unakuwa saruji. Mwaka wa kwanza sikuosha. Nilipotaka kupandisha gari, kola ya nyuma kulia iligoma kabisa, fundi akaipiga kwa patasi hadi meno yakakatika.

Sasa hivi kila nikitoka kwenye matope napiga maji nyuzi zote, nasugua kwa mswaki wa zamani, zikikauka napaka grisi nyembamba. Kabla ya kuzungusha kitu chochote nasugua kwanza. Kuzungusha juu ya mchanga ndiko kunakokula nyuzi. Wengine wanavalisha mtungi soksi ya mpira wa tyubu ya baiskeli. Mimi nilijaribu, inashika maji ndani, nikaitoa.

---

Mtu_wa_Chavakali:

Kabla fundi hajafungua chochote, chukua tepu upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, gari likiwa limesimama pahali tambarare. Usipime kutoka chini, tairi lililolika litakudanganya. Andika kwenye karatasi uweke ndani ya gari. Na iambie kampuni yako ya bima umebadilisha nini.

---

MwanaLanet:

Wadau, nimerudi baada ya wiki tano. Nilibadilisha bushi mbili za nyuma na linki zote mbili za mbele kwanza, kama Wingu alivyosema, na kweli gari lilitulia kidogo. Halafu nikanunua BC mpya, 6 na 6, nikafungiwa kwenye gereji moja hapa Nakuru.

Sifurahi. Sachang'wan gari limekaa vizuri, sikatai. Lakini kwenye kila tuta kuna "ko!" ya chuma mbele, kubwa, watoto wanaamka. Fundi anasema ni kawaida ya koilova. Nilimwambia gari liko chini mno, akaliinua siku hiyo hiyo, na tangu hapo kelele imezidi. Zaidi ya laki moja zimeenda na mke wangu anaogopa kupanda gari. Nimeumia sana.

---

FundiKibuye:

Pole sana ndugu. Si kawaida, na usikubali kuambiwa hivyo.

Jibu maswali mawili. Inagonga tairi likipanda tuta, au likishuka upande wa pili? Na alipoinua, alizungusha mtungi chini au alikaza kola ya springi?

Halafu fanya hivi. Pima rimu hadi madigadi gari likiwa chini. Inua mbele kwa jeki pande zote mbili pamoja, weka stendi, tairi zining'inie. Pima tena. Niletee namba.

---

MwanaLanet:

Nimeenda nje na tepu na kurunzi. Inagonga ikishuka, tairi likianguka kutoka kwenye tuta. Alikaza kola, nimeona nyuzi zinang'aa juu ya mtungi, na ile kola ya chini ya kikombe bado ina vumbi lake la dukani, haijaguswa.

Namba: chini sentimita 37.5, ikining'inia 39.5. Kulia na kushoto ni sawa.

---

FundiKibuye:

Umeshajijibu. Una sentimita 2 tu za tairi kushuka. Ulipaswa kuwa na karibu 6. Amekaza springi kama sentimita 4 ili kupandisha gari. Sasa tairi likianguka kutoka kwenye tuta shoki inafika mwisho wa mwendo wake, na ile "ko" ni pistoni ikigonga kifuniko kwa ndani. Ukiendelea hivyo utaua sili.

Rudi, au nenda kwa fundi mwingine, na ufanye kwa mpangilio huu. Legeza kola hadi springi iwe huru, kisha ikaze tena ibanwe milimita 3 hadi 5 tu, isiwe inacheza. Pandisha gari kwa kuzungusha mtungi ndani ya kikombe cha chini, lakini acha nyuzi za kutosha ndani kama kiwanda kinavyoelekeza, usifike kwenye alama ya mwisho. Kaza pete za kufungia. Bolti za mikono ya nyuma zilegezwe na zikazwe gari likiwa limekanyaga chini. Ukizikaza tairi zikining'inia, bushi zinabaki zimepindwa kila siku na zitapasuka ulizozinunua juzi.

Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shoki ya mbele, chini ya kifuniko cha vumbi, iguse mtungi. Ukitoka Vihiga angalia imesukumwa hadi wapi. Ikifika kwenye mpira wa kuzuia shoki isigonge mwisho kila safari, tuongee tena kuhusu springi.

Mwisho ni alaimenti. Urefu ukibadilika, tairi zinabadilika mwelekeo. Ile bolti ya juu inayoshika shoki ya mbele kwenye kitovu ina yai (sehemu isiyo duara kamili), ndiyo inayorekebisha kuinama kwa tairi. Waambie waanze nayo, halafu wamalize na tairi kutazama ndani au nje. Tairi zikitazama vibaya zitalika upande mmoja kwa mwezi.

---

Wingu_la_Menengai:

Na kliki anza katikati. Zungusha kwa vidole hadi mwisho wa kugumu, usilazimishe, kisha rudi nyuma ukihesabu. BC ina kliki 30, kwa hiyo rudi 15 kona zote. Endesha kipande kimoja kile kile, mimi natumia Lanet hadi Mbaruk na kurudi. Badilisha kliki 3 kwa safari moja, mbele peke yake au nyuma peke yake. Ikiruka mara mbili tatu baada ya tuta, gumisha. Ikitetemeka kwenye matuta madogo yaliyofuatana na gari likawa kama linazama, umegumisha mno, tairi halipati muda wa kurudi kabla ya tuta linalofuata.

Nilikuwa nimekwambia usifunge hizi kitu. Umeshafunga, sasa tuzifanye zikae vizuri.

---

MwanaLanet:

Nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja Shabab. Nilimsomea maneno yenu kutoka kwenye simu, akacheka kidogo, akasema "sawa," akachukua spana ya ndoano. Ilichukua asubuhi nzima. Sasa ni 37.5 chini na 43 ikining'inia. Alaimenti tulifanya mchana.

Jumamosi tumeenda Mbale na kurudi, buti limejaa. Mbele kliki 17 kutoka kugumu, nyuma nimeacha 12 kwa sababu ya mzigo. Matuta ya Awasi tumepita, hakuna "ko". Kule Majengo mke wangu alikuwa amelala. Nyuma bado inashuka tukijaa, nimepima sentimita 3 na kidogo, kama fundi alivyosema.

Kamba ya plastiki ya mbele kulia imesimama sentimita moja na nusu kabla ya mpira. Ya kushoto imesimama karibu sentimita moja. Nadhani ni shimo moja kabla ya Kiboswa, nililiona nikiwa nimechelewa.

---

FundiKibuye:

Hapo umefika. Baada ya kilomita 500 rudi upime tena kona zote nne, springi mpya hulala kidogo, na ukaze pete za kufungia. Dada amekueleza kuhusu matope.