Kozi zilizopo hapa nchini, kwa nini mtu aruhusiwe kwenda kuzisomea nje?

Babu wa Hombolo
Wakuu wa Dodoma, habari za jioni. Naleta hoja, na naomba tuijadili bila kutukanana. Napendekeza serikali itengeneze orodha. Kozi yoyote inayofundishwa hapa nchini, mtu asiruhusiwe kwenda kuisomea nje kwa shahada ya kwanza, isipokuwa awe na ufadhili kamili. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, tayari wanatoa barua ya kutokuwa na pingamizi, ile NOC, kwa wanaokwenda nje. Kwa hiyo lango lipo, libanwe tu.

Binti wa mdogo wangu alimaliza kidato cha sita PCB. Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Ukijumlisha ni pointi 6, na udaktari hapa nyumbani unataka hizo hizo 6, lakini unataka pia angalau D katika kila somo. Ile E ikamfungia. Akaja wakala wa vyuo vya nje na kipeperushi chenye picha ya maabara, akakaa sebuleni, akanywa chai, akasema huko nje hawaangalii mambo ya E. Shamba la zabibu likauzwa. Binti kasoma miaka sita, hakuwahi kurudia mwaka hata mmoja, karudi na shahada. Alipopeleka vyeti vitambuliwe akarudishwa kwenye E ile ile. Bila utambuzi hafanyi mtihani wa Baraza la Madaktari, hapangiwi hospitali ya utarajali, haandikishwi popote. Leo anauza misumari na rangi kwenye duka la shemeji yake. Vyeti vimo kwenye bahasha ya kaki pamoja na tafsiri zake zenye mihuri. Ndiyo maana nasema zuieni.

Mtoto wa Ihumwa
Pole sana mzee wangu, limeniuma. Ila tatizo hapo ni wakala, si nje. Ukizuia kozi unawazuia hata waliofaulu vizuri wanaotaka kuiona dunia. Na tuambiane ukweli, mwenye akili na mwenye pesa habaki kusoma Dodoma. Anayebaki ni aliyekosa pa kwenda.

Tabibu Mstaafu
Babu, swali moja kabla hatujafika mbali. Huyo binti aliombewa NOC kabla ya kuondoka? Maana hapo ndipo ile E ingeonekana mapema.

Chimwaga Damu
@Mtoto wa Ihumwa hiyo sentensi yako ya mwisho ifute. "Anayebaki ni aliyekosa pa kwenda"? UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, imeanza 2007, na leo ukiingia ofisi yoyote ya Mji wa Serikali pale Mtumba, nusu ya vijana unaowakuta wamepita pale mlimani. Mimi nilikuwa na divisheni wani, nikachagua Dodoma kwa hiari yangu. Sikukosa pa kwenda. Nenda Hospitali ya Benjamin Mkapa uulize wameanza kupandikiza figo mwaka gani. 2018! Hapa hapa Dodoma unapopadharau.

Mtoto wa Ihumwa
Na hao waliopandikiza figo 2018 walishirikiana na nani? Na Wajapani. Na mafunzo mengine waliyapata wapi? Nje. Umenisaidia hoja yangu, kaka.

Chimwaga Damu
Walikwenda nje wakiwa tayari ni madaktari waliosomeshwa hapa! Mtu anakwenda kuongeza ujuzi juu ya msingi. Hilo ni tofauti na mtoto wa miaka 19 kupelekwa kwenye baridi akaanze kujifunza mifupa kwa lugha ya watu. Usidandie treni kwa mbele.

Nkuhungu Finest
Tangu lini Ihumwa kukawa mjini hadi mtu wa huko aisimange Dodoma? 😂 Reli mpya ya SGR imewapa kiburi.

Mtoto wa Ihumwa
Tusihame mada. Sijaisimanga Dodoma, nimezaliwa Dodoma, bibi yangu ni Mgogo wa Mvumi. Nasema tu mtoto akitoka anapanuka.

Chimwaga Damu
Akiwa hapa anasinyaa? Jibu hilo.

Mama Rehema wa Area D
Jamani, mnagombania chuo kama Simba na Yanga. Tumsikilize babu. Mimi niko naye kwa asilimia mia. Hawa wanaotoka huko na udaktari wa kununua vyeti ndio wanaotuua wodini. Mtu kashindwa Fizikia hapa, kaenda mwaka mmoja tu tayari anapiga picha kavaa koti jeupe. Wazuiwe wote.

Dokta wa Uchina
Mama Rehema shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao "wote".

Nilikuwa na B mbili na C kidato cha sita. Nafasi za udaktari hapa zilijaa mwaka ule, nikapata ufadhili wa serikali ya Uchina. 2020 nikaja likizo, mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona. Sisi wanafunzi wa kigeni tulikaa nje zaidi ya miaka miwili. Sijui kama mnaelewa maana yake. Kipindi cha saa mbili asubuhi kwao, huku ni saa tisa usiku. Nilikuwa naamka kwenye chumba cha kupanga Chang'ombe, naweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, namwangalia profesa akionyesha ini la maiti kwenye kioo cha inchi sita. Bando likikata, somo limekata. Mchana nakwenda kumsihi daktari mmoja aniruhusu nisimame tu pembeni wodini nione, kwa sababu nilijua siku moja nitaulizwa nimegusa wagonjwa wangapi.

Nimerudi, vyeti vimetambuliwa, nimefanya mtihani wa Baraza sawa na wenzangu, nimefaulu, nimemaliza utarajali. Hakuna aliyeniuzia cheti. Kabla ya kutuweka wote kapu moja, kumbukeni mtihani ule upo kwa sababu hiyo hiyo. Anayejua anapita, asiyejua anabaki nje.

Mama Rehema wa Area D
Marahaba mwanangu. Sikukulenga wewe. Nawasema wanaopita njia za panya.

Dokta wa Uchina
Umeandika "wazuiwe wote", mama.

Binti Makole
Naomba niwarudishe kwenye neno KOZI, maana naona tunaongelea udaktari tu. Kwenda nje si lazima iwe miaka sita. Mimi nilikwenda Ulaya muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Erasmus nikiwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa kanda ya kati. Watu wengi hawajui kwamba ukifika chuo cha wenyeji hufunguliwi kozi zote. Wanakupa orodha ya kozi zilizo wazi kwa wanafunzi wa kigeni, na hiyo ndiyo yako. Zinazofundishwa kwa Kiingereza ni chache, nyingine zinataka uwe umesoma kozi ya utangulizi kwao, za maabara zimejaa wenyeji. Nilikwenda kusoma takwimu, nikajikuta nimepewa utamaduni wa Ulaya ili kujaza idadi.

Muhula mzima kule ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa krediti wa Ulaya. Kwetu mwaka ni krediti 120, kwa hiyo muhula ni 60. Si kwamba sisi tunasoma mara mbili yao. Krediti yao moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, yetu ni saa 10. Nikarudi na matokeo mazuri, mkuu wa idara akaangalia majina ya kozi, yasiyofanana na yake akayakataa. Karibu nusu. Nikakeri, yaani nikabaki kuyasoma baadaye, masomo ambayo wenzangu walishayamaliza, na mahafali nikayaangalia kwenye simu. Makubaliano ya masomo yanatakiwa yasainiwe na pande zote mbili KABLA hujapanda ndege, kozi kwa kozi, hii ya kule inasimama badala ya ipi ya huku. Yangu yalisainiwa juu juu. Babu anataka serikali izuie. Mimi nataka vyuo vyetu viheshimu walichokisaini.

Nkuhungu Finest
Dada umetisha. Lakini ulipewa pesa ya kujikimu si ndiyo? Basi umepata.

Binti Makole
Nilikwenda kusoma, kaka.

Mwalimu Kisasa
Kwa wanaotaka kwenda nje bila kuuza shamba, nendeni Ujerumani. Vyuo vya serikali havitozi ada kwa mtu yeyote, hata Mtanzania. Elimu bure kabisa.

Hesabu za Kongwa
Mwalimu, nusu nusu hiyo. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Halafu ili upate viza unawekewa masharti ya akaunti iliyofungwa, ile unayoweka pesa na kuruhusiwa kutoa kidogo kidogo kila mwezi, tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja, unaonyesha kabla hujaondoka. Na shahada za kwanza nyingi ni kwa Kijerumani. "Bure" hiyo inataka mzazi mwenye mamilioni benki.

Mwalimu Kisasa
Nimesema ada, sijasema nauli na chakula. Someni vizuri.

Hesabu za Kongwa
Umeandika "elimu bure kabisa". Hilo "kabisa" ndilo ninalolijibu.

Mkulima wa Mpunguzi
Nimesoma kuanzia juu. Babu kataja shamba la zabibu lililouzwa na hakuna aliyelishika hilo, mmebaki na Chimwaga na Ihumwa.

Mimi nina zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawana. Tuna Makutupora nyekundu, tuna Chenin Blanc, tuna kituo cha utafiti pale Makutupora. Ukija msimu wa mavuno utakuta kreti zimepangwa chini ya mwembe, zabibu zinaanza kutoa maji, nyuki wamejaa, mnunuzi hapokei simu. Zikilala siku mbili bei anapanga yeye. Tukiamua kusindika wenyewe, mvinyo unageuka siki kwa sababu hakuna anayejua joto la pipa wala kipimo cha asidi, tunaonja kwa ulimi.

Sasa niambieni, katika watoto wote waliotoka Dodoma kwenda nje kusoma, nani alipelekwa kusomea mvinyo? Stellenbosch, Afrika Kusini, wana shahada ya kilimo cha zabibu na utengenezaji wa mvinyo. Hapo karibu tu. Mimi sijamwona hata mmoja. Tunauza mashamba ya zabibu ili watoto wakasomee utawala wa biashara India, kozi ambayo CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, hapa mjini wanaifundisha tangu sijazaliwa. Babu, orodha yako naiunga mkono, ila igeuze. Usiandike kozi za kukatazwa, andika kozi tunazozihitaji na Bodi ya Mikopo itoe fedha kwa hizo.

Mtoto wa Ihumwa
Hii ndiyo hoja sasa. Nakubali mia.

Chimwaga Damu
Umekubali kwa sababu imetaja Afrika Kusini. Kilimo hapa hakifundishwi? SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ipo Morogoro. Wapewe vifaa waanzishe hiyo kozi ya mvinyo, watu wasome hapa hapa shambani. Halafu @Mtoto wa Ihumwa bado nasubiri ufute ile sentensi.

Mtoto wa Ihumwa
Siifuti. Ila naongeza neno: "baadhi".

Mkulima wa Mpunguzi
Waanzishe, nitawapa ekari ya kujifunzia. Lakini atakayefundisha atakuwa amejifunzia wapi?

Kizazi cha Data
Kuna njia ya tatu. Chuo kije chenyewe. IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wamefungua kampasi Zanzibar 2023, ya kwanza ya IIT nje ya India, sayansi ya data na akili mnemba. Cheti ni cha kwao na mtoto yuko umbali wa boti. Makao makuu ya nchi yapo hapa, ardhi ipo, kwa nini Dodoma isiombe kampasi ya namna hiyo?

Nkuhungu Finest
Ardhi ya Dodoma unaijua bei yake sasa hivi?

Babu wa Hombolo
Nimerudi, nilikuwa msibani. Nawajibu kwa kifupi.

@Tabibu Mstaafu umeuliza swali ambalo wengine wamelipita. Hakuombewa NOC. Wakala alisema ni kupoteza muda, nafasi zitajaa. Mdogo wangu hakujua hata kama kitu hicho kipo.

@Dokta wa Uchina nakuheshimu mwanangu, na wewe usingezuiwa kwa pendekezo langu, ulikuwa na ufadhili.

@Mkulima wa Mpunguzi shamba lililouzwa liko jirani na lako, upande wa barabara ya Iringa. Aliyelinunua ameng'oa mizabibu yote, kajenga fremu za maduka.

Msimamo wangu ni ule ule. Anayeondoka bila NOC asipewe nafasi ya kuondoka, uwanja wa ndege pale waulize.

Tabibu Mstaafu
Hapo tumekutana, babu. Ila hilo si kuzuia kozi tena. Hilo ni kukagua sifa.

Babu wa Hombolo
Liiteni mnavyotaka, mtoto asipotee.

Mama wa Nkuhungu
Samahanini, mimi ni msomaji tu. Mwanangu ana matokeo karibu sawa na ya huyo binti, C, D na E ya Fizikia. Anataka udaktari na kuna wakala ametuambia maneno yale yale. Nifanyeje?

Dokta wa Uchina
Mama, kuna njia mbili za hapa hapa. Moja, aresiti Fizikia kama mtahiniwa binafsi, mtihani ni Mei. Akipata D tu mlango umefunguka, wa hapa na wa nje. Mbili, asome stashahada ya utabibu miaka mitatu. Akitoka na GPA ya 3.0 na masomo yake ya kidato cha nne yakiwa sawa, anaomba udaktari wa miaka mitano, na hapo katikati ana kazi mkononi. Huyo wakala, angalieni kwanza kama yumo kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa TCU.

Mama wa Nkuhungu
Asante mwanangu. Baba yake alishatoa kianzio wiki iliyopita.

Dokta wa Uchina
Mna risiti? Mlisaini mkataba? Upigeni picha ukurasa wenye kipengele cha kurudishiwa fedha mniletee, fichani majina. Na baba asiongeze hata shilingi kabla hatujausoma.