Goma: vyama vitatu, mkataba mmoja. Tutie saini?

Mama wa Ndosho
Ndugu zangu, naomba mawazo. Chama chetu cha akina mama kiko Ndosho, wenzetu wako Majengo na Mugunga. Shirika moja la kimataifa linataka tugawe sabuni, bidoni na dawa ya kusafisha maji kwa familia zilizoondoka kambini 2025. Linataka mshirika mmoja tu. Bajeti ina vitu na posho ya wagawaji. Kodi ya ofisi, mhasibu, hata vocha za simu, hakuna. Lakini ni sisi tunaojua nyumba ipi ina kolera na nani amehama jana usiku. Tutie saini?

Mhasibu, Himbi
Bado, mama. Waulize kwanza: mfadhili wao anawapa asilimia ngapi ya gharama za uendeshaji, na ninyi mtapata ngapi humo? Hamwombi sadaka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana katika Grand Bargain kwamba angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ziwafikie watoa misaada wa nchini, kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo, ifikapo 2020. Mwaka huo ulipita bila lengo kufikiwa. Ahadi ni yao, muwakumbushe.

Papa wa Bukavu
Mkiungana, atangulie aliye na utu wa kisheria kwa sheria ya asbl (vyama visivyo vya faida) ya 20 Julai 2001. Ila kabla ya mkataba wa shirika, andikeni wenu: nani anatia saini, pesa ikipotea nani analipa, hesabu zinasomwa mbele ya nani. Huku kwetu chama kimoja kilibeba wenzake bila karatasi, ukaguzi ulipokuja kikabaki na deni peke yake. Na kama pesa zinapita kwa simu, tunzeni kila ujumbe wa malipo.

Mama wa Ndosho
Asanteni sana. Swali la asilimia nitalipeleka. Na majina ya vyama vyote vitatu lazima yaandikwe kwenye ripoti, hilo siliachi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na watu wakakimbilia Sake, akina mama ndio waliopika njiani kabla hatujaona gari lolote la msaada. Papa, una mfano wa mkataba wa vyama?

Papa wa Bukavu
Ninao, kurasa mbili, kwa Kifaransa. Nitauweka hapa jioni. Usomeni wote watatu pamoja, kwa sauti, kwa Kiswahili.