Mwenye milioni tatu anayekopesha mtaani: tumsajili au tumfukuze?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Hoja hii nimeibeba tangu mwezi uliopita, siku dada yangu alipopigiwa simu akiwa sokoni akaambiwa godoro na jiko lake la gesi vimeshachukuliwa. Hakuwa amekimbia deni. Alikosa marejesho ya siku nne kwa sababu mtoto alilazwa.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Aliomba 200,000. Akakatwa 20,000 ya fomu papo hapo, akaondoka na 180,000. Marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26, Jumapili mapumziko. Jumla 260,000. Yaani kwa mwezi mmoja ile 180,000 aliyoishika imezaa 80,000, na hapo sijahesabu faini ya kuchelewa. Mkataba ni daftari la mkopeshaji na karatasi aliyotia saini bila kupewa nakala. Wenyewe tunaita kausha damu, na jina halikukosea.

Kisheria mkopeshaji huyu hatambuliki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni wanaokopesha bila kupokea amana, kampuni au mtu binafsi, pamoja na hawa wa kwenye simu. Leseni yao inatoka Benki Kuu. La tatu ni SACCOS, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikoba na vikundi vingine vya kijamii, ambavyo vinasajiliwa kupitia halmashauri. Anayetaka daraja la pili awe na mtaji usiopungua shilingi milioni 20, na riba yake isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi.

Sasa yule mwenye milioni tatu, anayewakopesha mama ntilie na bodaboda wa mtaa mmoja, aingie wapi? Milioni 20 hana. Kikundi hana. Anafanya kazi gizani, na anayekopa kwake anakopa gizani. Dada alipodhulumiwa aliogopa hata kwenda serikali ya mtaa, akidhani na yeye ana kosa kwa kukopa kwa mtu asiye na kibali.

Msimamo wangu ni kwamba kila anayekopesha kwa riba kama biashara asajiliwe, awe na milioni 20 au mbili. Mdogo asajiliwe halmashauri, kama tunavyosajili vikundi: jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), mahali anapofanyia kazi, na mkataba wa Kiswahili wa ukurasa mmoja unaotaja shilingi alizoshika mkopaji mkononi na shilingi atakazorudisha. Nakala kwa kila upande. Majina yabandikwe ofisi ya mtaa.

Najua wapo wanaosema ukimsajili kausha damu umemhalalisha. Baba yangu ni mmojawao, na hoja yake naiheshimu. Lakini tazameni upande wa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tangu siku ile mtu mwenye mashaka ana pa kutazama. Kwa mkopeshaji wa daftari hakuna orodha yoyote, ya wazuri wala ya wabaya.

Na msiniambie dada angekwenda kwenye mikopo ya asilimia 10, ile inayotengwa kutoka mapato ya halmashauri kwa ajili ya vikundi. Ile ilisitishwa 2023, ikarudi 2024, na inataka kikundi na subira. Mtu anayetaka mtaji wa nyanya kesho asubuhi hana kikundi cha kusubiri.

Naomba kuwasilisha.

Mkopeshaji mwenye leseni, Mwanza

Mkuu, pole sana kwa dada. Lakini katika hili sikubaliani nawe.

Mimi leseni ninayo. Nilipeleka mpango wa biashara, sera ya mikopo, uthibitisho wa kodi na ushahidi kwamba mtaji ni wangu. Ile milioni 20 siioni kama kizuizi cha kumkomoa mtu. Inaonyesha kwamba unakopesha fedha zako. Wengi wa hawa wa daftari wanazungusha fedha za watu wengine waliowaahidi faida kubwa, ndiyo maana marejesho ya siku nne yakikosekana wanachanganyikiwa na kukimbilia godoro.

Halafu tuongee hesabu. Mkopo wa 100,000 kwa asilimia 3.5 unanipa 3,500 kwa mwezi. Kijana wa marejesho akimfuata mteja mara mbili kwa pikipiki, mafuta yamekula zaidi ya nusu. Kwa hiyo sisi wenye leseni tunawakimbilia watumishi wenye mshahara, na mama wa nyanya tunamwacha. Hapo serikali ndipo ingeanza kurekebisha, kabla ya kufungua daftari jipya la usajili.

Kubwa kuliko yote, ukifungua mlango wa wadogo, wakubwa watapita humohumo. Mwenye milioni 100 atawasajili shemeji, mpwa na mlinzi wake, kila mmoja "mkopeshaji mdogo", na masharti ya Benki Kuu hayatamhusu tena.

Sitaficha kwamba hata kwenye daraja letu uchafu upo. Wapo wenye leseni ukutani ambao droo zao zimejaa kadi za benki za walimu walizozishika kama dhamana ya mkopo, na namba za siri zimeandikwa kwenye karatasi. Mimi naona aibu kuwaita wenzangu.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, niwasaidie kidogo kwa yaliyotupata huku Kenya.

Sisi tuliumizwa na simu kwanza. Ukichelewa kulipa, mkopeshaji anampigia mama mkwe, anampigia bosi, kila aliye kwenye simu yako anajua una deni. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikabadilishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Hazikumfungia mtu mlango kwa kiwango cha mtaji. Ziliuliza pesa zimetoka wapi, wenye kampuni ni kina nani, na bei ya mkopo ni ipi. Zikakataza kutumia orodha ya namba za mteja kumwaibisha. Anayekopesha bila leseni ni faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Shida ikawa foleni. Walioomba mwanzoni walikuwa 288. Septemba 2022 waliopata leseni ni 10. Wengine waliendelea kukopesha kwa kuwa maombi yao yako mezani, na mkopaji wa kawaida hakuweza kutofautisha mwenye leseni na mwenye risiti ya kuomba. Kilichosaidia upande wa simu ni Google kudai ushahidi wa leseni kutoka mwaka 2023, la sivyo programu inaondolewa kwenye duka lake. Kwa mkopeshaji wa daftari hamna duka la kumwondoa.

Desemba 2024 bunge letu likapanua sheria iwafikie hata wanaokopesha bila programu ya simu. Kwa hivyo swali lenu la leo na sisi tumo ndani yake. Jambo moja tu msilisahau: kanuni zetu zilimwacha nje anayeuza bidhaa kwa mkopo kama jambo la pembeni la biashara yake. Mwenye duka anayekupa unga hadi mwisho wa mwezi msimtie kwenye daftari hilo. Mtafunga milango ya watu wasio na kosa.

Mweka hazina wa kikoba, Morogoro

Mnasema halmashauri, halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu ndiye huyohuyo wa vikundi, wa wazee, wa watoto wanaoteswa, na wa mikopo ya asilimia 10. Kikundi chetu hajakikagua tangu tupate cheti. Huyo mkopeshaji wa daftari atamkagua saa ngapi?

Mwanzisha mada

Nashukuru wote, hasa dada wa Morogoro, maana hapo amenishika pabaya. Ukaguzi wa kumfuata mkopeshaji nyumbani hautawezekana, nakubali. Ndiyo sababu nang'ang'ania nakala ya mkataba. Mkopaji akiwa na karatasi yake, afisa hahitaji kukagua wote. Atamshughulikia aliyelalamikiwa, ushahidi ukiwa mezani.

Ndugu wa Mwanza, la shemeji na mpwa limenikosesha usingizi. Pengine tiba ni kwamba cheti cha mdogo kiwe cha mtaa mmoja, na kiwe na ukomo wa jumla ya fedha alizokopesha kwa wakati mmoja. Akivuka, aende Benki Kuu kama wewe ulivyokwenda. Haitawazuia wajanja wote. Lakini leo hatujui hata mjanja ni nani.

Kuhusu asilimia 3.5 kwa mkopo wa laki moja, hesabu yako ni ya kweli, na nilikuwa sijaitazama upande wa anayefuata marejesho. Niko tayari kukubali mdogo aruhusiwe ada ya ufuatiliaji, mradi itajwe kwa shilingi ndani ya jumla, kabla mkopaji hajashika fedha. Dada angeambiwa waziwazi "unashika 180,000, unarudisha 260,000", alivyo mkali wa hesabu za nyanya, nina hakika angeondoka.

La kadi za walimu sitakuachia liishe hivyo. Wewe unawajua, uko kwenye daraja lao. Umewahi kumpelekea Benki Kuu jina hata moja?

Na waliowahi kukopa kwa daftari, naomba mseme: kuna aliyepewa nakala?