Familia ya Bibi Mbagala: wakili wa Side

*Da Zai:* Asalaam aleikum ndugu zangu. Natoka mahakamani sahivi, kesi imetajwa tu, upelelezi bado, wameahirisha siku 14 tena. Side nimemwona akishuka kwenye karandinga, kakonda jamani, mguu huu ndala ya bluu mguu huu nyekundu, nimemwita kageuka kaniuliza mama anakula? basi wakamwingiza

*Mama Side:* Ya Rabi mwanangu 😭

*Baba Mkubwa Moro:* Poleni sana. Hati ya nyumba ninayo, kesho napanda basi nije nimdhamini mtoto atoke, mengine tutaongea akiwa nje

*Da Zai:* Shikamoo baba mkubwa. Ahsante sana baba ila walichomwandikia ni unyang'anyi wa kutumia silaha, hauna dhamana, hata ulete hati kumi hakimu hawezi kumtoa. Itunze tu hiyo hati

*Anko Juma:* Kwani si serikali inatoa wakili bure? Jirani yangu hapa Tandika mwanae alipewa

*Shem Rehema:* Anko hiyo itakuwa ya mauaji, zile zinaenda Mahakama Kuu na mshtakiwa anawekewa wakili. Hii yetu iko kwa hakimu, wakili haji mwenyewe mpaka aombwe. Na adhabu yake inaanzia miaka 30 jela, ndo mana nasema tusilale

*Mama Side:* Wanangu kuna kitu sijawaambia. Kuna kijana wa suti pale nje ya mahakama kasema ana mtu ndani, nimpe milioni moja na nusu faili litapotea. Nimeshampa laki tatu ya vikoba

*Da Zai:* Mama! Lini?

*Mama Side:* Juzi. Niliona mmechanga sana tayari

*Shem Rehema:* Mama pole sana wala hakuna anayekugombeza, pale nje mzazi anaelia ndo wanaemtafuta. Alikupa risiti? Alikuambia ofisi yake iko wapi?

*Mama Side:* Hapana. Na simu sasa haipokelewi

*Shem Rehema:* Huyo ni kishoka mama, usimuongezee hata mia. Wakili wa kweli yuko kwenye rejista, kuna mfumo wa mahakama unaitwa e-Wakili, unaandika jina unaona kama leseni yake iko hai. Sasa naomba mnisome vizuri hata kama ni ndefu. Leo nilienda kituo cha msaada wa kisheria, nimekaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa saba lakini nimesikilizwa. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mshtakiwa asiye na uwezo hakimu anaweza kuagiza apewe wakili kama haki inataka hivyo, kwahiyo tarehe ijayo Side mwenyewe anyooshe mkono aseme mheshimiwa sina uwezo naomba msaada wa kisheria, na sisi huku tunapeleka barua kituoni ili wakili awe ameshajua. Yule dada wa kituoni hata hakuanza na hela, kaanza na saa. Kakamatwa saa ngapi, maelezo yake yameandikwa saa ngapi, kasaini au kaweka dole gumba, kasomewa au hakusomewa

*Da Zai:* Kakamatwa Jumanne saa tatu usiku kijiweni. Maelezo kaniambia waliandika Alhamisi asubuhi, kaweka dole gumba hakusoma

*Shem Rehema:* Basi hilo liandike kwenye karatasi leo kabla hatujasahau. Kwa kawaida polisi wana masaa manne toka wamshike kuchukua maelezo, wakitaka kuongeza kuna utaratibu wake. Wakili anaweza kuyapinga yasipokelewe. Na kingine, hilo tukio wanasema lilikuwa saa ngapi?

*Da Zai:* Saa moja usiku, Kigamboni

*Kaka Mudi:* Saa moja Side alikuwa kwa tajiri wake mwenye bodaboda Kongowe anapeleka hesabu ya siku!! Jumanne ile mimi nilikuwepo, pancha ilimchelewesha, kakabidhi elfu nane mkononi na tajiri akamsainia kwenye daftari na saa akaandika mana huwa wanagombana kuhusu kuchelewa

*Shem Rehema:* Mudi hilo daftari liko wapi

*Kaka Mudi:* Kwa tajiri

*Shem Rehema:* Nenda sasa hivi lipige picha, ila usilichukue na usiandike chochote humo, muulize tu kama atakubali kuja kusema. Hiyo utetezi wa kuwa mahali pengine lazima mahakama na upande wa mashtaka wapewe notisi mapema, ukiibuka nayo mwishoni hakimu anaweza asiipe uzito

*Baba Mkubwa Moro:* Rehema mwanangu Mungu akubariki. Natuma laki moja ya nauli na fotokopi

*Kaka Mudi:* Nimefika. Daftari lipo. Jumanne 12:50 jioni kaandika, na sahihi. Tajiri anasema atakuja, ila anaogopa polisi

*Shem Rehema:* Mwambie wakili ataongea nae kwanza. Jumatatu saa mbili niko kituoni na barua, nani ananisindikiza?

*Da Zai:* Mimi

*Mama Side:* Na mimi. Zai tukipita sokoni tumnunulie ndala, namba nane, pea moja