Storm ni wa wapi hasa? Fundi wa kuchora ananisubiri

kinyozi_tandika

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kipo Tandika, na ukuta wa mbele una nafasi ya picha tatu. Mbili zimeshajaa: kushoto yupo Black Panther, katikati mchezaji mpira ambaye simtaji maana nusu ya wateja wangu ni wa timu ya pili. Nafasi ya tatu nimempa Storm, yule mwanamke wa komiki za X-Men za Marvel anayeamuru mvua na radi. Binti yangu wa darasa la sita ndiye kanisumbua tangu tulipoangalia X-Men '97 pamoja, "Baba, mbona ukutani wanaume watupu?" Nikasema haya. Fundi nimeshamlipa nusu, rangi ya chini kapiga, ukuta mweupe unang'aa.

Balaa limeanza Jumamosi. Fundi kauliza nyuma yake aweke nini. Nikamwambia weka bendera ya Kenya, si Mkenya yule? Mteja aliyekuwa kitini akageuka ghafla, nusura nimpitishe mashine kwenye sikio: "Mkenya wapi! Mmisri huyo, kwenye filamu yupo Cairo anakwapua sokoni." Kijana wa kwenye benchi akatoa simu, akasoma kwa sauti: kazaliwa New York. Tukaishia kubishana mpaka saa nne usiku na nywele za watu hazijaisha.

Kwa hiyo naomba wanaojua wanifungue. Kwao wapi? Na hapo hapo kijana wa simu kasema wazazi wake walikufa kwenye vita vya Suez. Vita vile ni 1956! Basi huyu mama sasa hivi ana miaka sabini na kitu na bado anaruka angani? La mwisho linanihusu kikazi: nywele. Kuna anapokuwa na nywele ndefu hadi kiunoni, kuna anapokuwa na kiduku. Ni mtu mmoja au wawili?

Nawasilisha.

chura_wa_msimbazi

Chora mawingu nyuma yake, mkuu. Mawingu hayaulizwi pasipoti.

Binti Baharia

Kaka kinyozi, salama. Mimi ni wa Mombasa. Marehemu baba alikuwa baharia wa meli za mizigo, na akirudi Kilindini mkoba wake ulikuwa na vitu viwili visivyokosekana: sabuni za ng'ambo na komiki zilizokwisha kusomwa na mabaharia wenzake, kurasa zimejikunja kwa unyevu. Humo ndimo nilimokutana na Storm, kwenye chapa ya marudio ya miaka ya 80 ambayo jalada lake lilikuwa limeng'oka. Kwa hiyo nitakwambia kwa mpangilio walioandika wao, maana ukianza na filamu utapotea kama ulivyopotea.

Mara ya kwanza anatokea ni 1975, katika Giant-Size X-Men toleo la kwanza, kazi ya Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Hapo yupo Kenya. Watu wa kijiji wanamwomba mvua, anaileta, wanamwita mungu. Profesa Xavier, mkuu wa X-Men, anafika na kumwambia wewe si mungu, wewe ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu za ajabu, njoo Marekani tufanye kazi. Basi. Hakuna baba, hakuna mama, hakuna Cairo. Msomaji wa 1975 ukimuuliza angekujibu bila kusita kwamba ni Mkenya.

Mwaka uliofuata kalamu ilikuwa mikononi mwa Chris Claremont. Katika komiki ya X-Men toleo la 102, Desemba 1976, X-Men wapo ndani ya ngome moja Ireland wanapigana na adui yao Juggernaut, na Storm, yule yule anayeshusha radi, anaganda. Anajikunja sakafuni kama mtoto. Nakumbuka ukurasa ule vizuri sana kwa sababu nilidhani amepigwa, nikarudi nyuma kutafuta nani kampiga. Hakuna aliyempiga. Kuta ndizo zilizomtisha. Ndipo tunasimuliwa: mama yake ni N'Daré, binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Baba ni David Munroe, Mmarekani mweusi, mpiga picha wa habari. Wakaoana, wakaishi Harlem, mtoto akazaliwa huko. Wakahamia Cairo angali mchanga. Vita vikaja, ndege ya kivita ikaanguka juu ya nyumba yao, wazazi wakafa, naye akafukiwa na kifusi kando ya mwili wa mama yake. Tangu siku hiyo haziwezi sehemu finyu.

Unaona alivyofanya Claremont? Hakufuta Kenya. Alichukua nguo iliyokuwepo akaishonea bitana kwa ndani. Mashabiki wanaliita jambo hilo retikoni, yaani mwandishi wa leo kuongeza au kubadilisha ya jana na kudai yalikuwepo siku zote. Ziko za hovyo nyingi. Hii si mojawapo, kwa sababu ililetwa kueleza udhaifu tunaouona kwa macho, haikuletwa kujaza fomu.

Baada ya hapo ni yatima Cairo, analelewa na mwalimu wa wezi aitwaye Achmed el-Gibar, anafundishwa kufungua kufuli na kuchomoa pochi. Mteja wako hakukosea, alianza kuangalia katikati tu. Akiwa msichana mdogo moyo ukamwita kusini, akatembea kutoka Misri mpaka mbuga za Serengeti. Ukipiga mstari kwenye ramani ni zaidi ya kilomita 3,000, na mtu hatembei mstari. Huko akapokewa na mama mmoja aitwaye Ainet aliyemlea, nguvu zake zikachomoza, na tukarudi pale pale pa 1975, mvua na kijiji.

Kwa hiyo: kazaliwa Marekani, kakulia Misri, damu ya mama na utu uzima wake Kenya. Wewe na wateja wako wawili, wote watatu mmepata.

mbu_wa_nakuru

Dada hapo kwa Serengeti naomba kusimama kidogo. Serengeti iko Tanzania. Upande wetu tunaita Maasai Mara. Kama alifika Serengeti akakaa huko akaabudiwa huko, basi Wamarekani wamempa Kenya mtu ambaye kiserikali yuko mkoa wa Mara, Tanzania. Na mimi ni Mkenya nasema haya kwa uchungu.

Pia hilo jina la mama. N'Daré? Mimi apostrofi naijua kwa ng'ombe na ng'ambo, basi.

chura_wa_msimbazi

Kumbe ni wetu! Bendera ibadilike haraka, kinyozi.

Binti Baharia

Hahaha. Wanyama wenyewe wanavuka kila mwaka bila kugongewa muhuri, mwacheni na yeye avuke. Wale jamaa walikuwa New York wakichora Afrika ya vichwani mwao, mpaka wa Isebania haukuwa habari yao. Ila jina la Storm mwenyewe, Ororo, ndilo lililonifanya nimpende. Mashabiki wa huko wanasema maana yake ni uzuri. Mimi nilipolisoma utotoni sikusikia uzuri, nilisikia ngozi nyororo, mkate mwororo. Nikamuuliza baba, mbona mwanamke wa radi ameitwa laini? Akasema, "Mvua nayo huanza hivyo."

Sasa umri, kaka kinyozi. Kijana wako wa simu ana hoja. Komiki ile ya 1976 ilimaanisha vita vya Waarabu na Israel, na wengi wanahesabu kuwa ni Suez, 1956. Mtoto wa miaka mitano hivi mwaka 1956 ni mwanamke wa ishirini na kitu mwaka 1975. Wakati ule hesabu ilikaa vizuri kabisa, wala haikuwa kosa. Kosa limekuja kwa sababu miaka imepita na yeye hazeeki.

Marvel hawajawahi kufuta yote na kuanza upya kama washindani wao DC walivyofanya 1986 na tena 2011. Wao wanasogeza. Mambo yote tangu Fantastic Four toleo la kwanza, 1961, yanahesabiwa kuwa yametokea ndani ya miaka kumi na kitu iliyopita, na kila mwaka mwanzo wenyewe unasogea mbele. Ndiyo maana Franklin, mtoto wa Reed na Sue wa Fantastic Four aliyezaliwa 1968, hajafikia hata umri wa kumaliza shule. Tatizo ni vita. Vita halisi vina tarehe, havisogei. Xavier wa 1965 alipigana Korea. Leo hawezi. Ndipo 2019 mwandishi Mark Waid, katika History of the Marvel Universe, akatengeneza vita vya kubuni vya Siancong, akawatupia humo wale wote waliokuwa wamefungwa na vita vya Asia. Kwa Storm njia ni nyepesi zaidi: wanaandika "vita" au "shambulio la bomu" na kuacha mwaka. Ukikuta vita havina jina, jua fundi kapitisha sindano hapo.

mbu_wa_nakuru

Na ile ya Xavier kuibiwa pochi? Kwa sababu toleo la 117, 1979, linaonyesha Xavier kijana akitembea Cairo na mtoto wa nywele nyeupe anamchomolea pochi. Ni yeye Ororo. Halafu pale Kenya wanaongea kama hawajawahi kuonana.

Binti Baharia

Ndiyo, na siku ile ile Xavier anakwenda kupambana na mutanti mwovu Amahl Farouk, aitwaye Shadow King. Mimi naiona nzuri. Ororo alikuwa mtoto mwizi, pochi ni nyingi, kwa nini akumbuke mzungu mmoja? Wa kuulizwa ni Xavier, na Xavier kunyamazia mambo ni tabia yake, tumemzoea.

shoka_la_mbao

Mimi nichangie nywele tu. Alinyoa kiduku baada ya kupoteza nguvu, kama kuomboleza. Ndiyo maana kwenye X-Men '97...

Binti Baharia

Hapana ndugu yangu, kinyume chake. Na hapa kaka kinyozi kaa vizuri, ndipo penye utamu.

Storm alikuwa ameapa kutoua. Katika toleo la 170, 1983, Callisto, kiongozi wa Morlocks wanaoishi mahandakini chini ya New York, amewateka wenzake. Storm anadai pambano la visu, wawili tu, na anamchoma Callisto kifuani. Hakusitasita. Callisto aliokolewa na mganga wao, lakini Storm alishajua ameweza. Kuanzia pale hajielewi. X-Men wanakwenda Japani kwa ajili ya harusi ya mwenzao Wolverine, Storm anakutana na Yukio, mwanamke asiyeogopa kufa, wanazurura pamoja, na katika toleo la 173 anarudi amevaa ngozi nyeusi, pembeni kumenyolewa, kiduku juu. Kitty Pryde, binti mdogo wa kikosi aliyekuwa anamwona kama mama, anatoka mbio akilia. Nguvu zake bado anazo zote.

Kuzipoteza ni toleo la 185, 1984. Silaha ya kuzima nguvu iliyotengenezwa na fundi Forge, ikafyatuliwa na Gyrich wa serikali akimlenga Rogue wa X-Men, ikampata Storm. Kwa hiyo kiduku kilitangulia kwa mwaka mzima. Na kwa kiduku hicho hicho, bila hata upepo wa kupeperusha karatasi, alimshinda mwenzake Cyclops katika toleo la 201 na kuchukua uongozi wa X-Men. Kabla ya hapo, katika toleo la 198, tunamkuta Afrika akimsaidia msichana aitwaye Shani kujifungua porini. Angalau Shani ni jina tunalolijua. Nguvu zilirudi 1988.

Mchoraji aliyekileta kiduku ni Paul Smith, na mwenyewe amesema kilianza kama mzaha uliovuka mipaka. Wewe kinyozi utamwelewa, wateja wangapi wameingia kwako kwa mzaha wakatoka watu wengine?

kinyozi_tandika

Dada yangu, hapo umeongea na mimi moja kwa moja. Kuna kijana alikuja kunyolewa kiduku kwa kushindwa dau la mpira, huu mwaka wa tatu hajakiacha.

Sasa moja la mwisho. Kwa kuwa Black Panther yupo kwenye ukuta uleule, je ni mume wake au siyo? Maana nikiwaweka karibu karibu na wameachana, nitakuwa nimeleta ugomvi barazani.

Binti Baharia

Waliachana, kaka. Walioana 2006, Black Panther toleo la 18, mwandishi Reginald Hudlin. Ndoa ikavunjwa 2012 katika vita vya Avengers na X-Men, baada ya Namor, mfalme wa baharini, kuizamisha kwa maji Wakanda, nchi ya Black Panther. T'Challa, ndiye Black Panther, aliivunja mwenyewe kwa mamlaka yake, kama mtu anayefuta hundi. Sijamsamehe.

Kukutana kwao ndipo palipochanganywa kweli kweli. Hadithi ya mwanzo ni Marvel Team-Up toleo la 100, 1980: Ororo yupo njiani kuelekea kusini, anamkuta T'Challa kijana, na Ororo ndiye anayemwokoa T'Challa na kaburu mmoja anayetaka kumteka. Mwaka wa harusi wakaleta kitabu kingine kilichosimulia upya mkutano huo kwa namna nyingine, ili mapenzi yaonekane ya tangu utotoni. Wanaojaribu kuunganisha hadithi hizo mbili huumwa kichwa. Mimi naisoma ya 1980, nyingine naiweka kabatini na nguo za harusi.

Kwa ukuta wako, mchezaji mpira si yupo katikati? Muache hapo hapo, atawaamua.

kinyozi_tandika

Wakuu, mrejesho. Bendera nimefuta, fundi kaweka mawingu kama alivyosema chura. Kiduku kimekaa, nimemsimamia mwenyewe, pembeni kamenyolewa namba sifuri kwa rangi na kufifia kwake kumetoka safi kuliko ninavyomfanyia mtu mzima. Kijana wa simu kapita akasema mstari wa mbele umepinda, nimemwambia akae akanyolewe.

Limebaki jicho. Fundi anauliza la bluu au jeupe tupu?

Binti Baharia

Bluu ndiyo macho ya ukoo wa mama yake, kama nywele. Huwa meupe anapoita mvua. Sasa ni wewe, unamtaka ametulia au yupo kazini?

kinyozi_tandika

Binti yangu kasema kazini. Bati la kibanda linavuja upande huo huo, lakini sawa, meupe.